Goti la Kushoto la Machogu

Kemuma alilegeza skrubu ya gitaa mzunguko mmoja, akasikiliza kama mumewe bado anajimwagia maji nyuma ya nyumba, akalegeza mwingine. Waya wa breki ukalegea mkononi mwake. Akarudisha bisibisi sandukuni na kwenda kusimama mlangoni, kama mtu anayeangalia mawingu tu.

Leo gitaa lile lingewaaibisha waliolitaka.

Katika kijiji kizima cha Suneka hapakuwa na jingine kama hilo. Lilisimama kwa miguu minne kama meza, nyuzi nane zikipita juu ya debe la mafuta ya taa, na lilipigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi hizo. Mumewe Machogu, fundi wa baiskeli, aliona gitaa la kulazwa namna hiyo wakati wa vita vya pili vya dunia, katika hospitali ya jeshi kule Bara Hindi. Aliporudi akajiundia lake, akaongeza ya kwake: pedali mbili za baiskeli chini, na mkono wa breki kando ya goti la kushoto. Ukikanyaga pedali, waya unavuta uzi na sauti inapanda. Ukisukuma kwa goti, sauti inashuka polepole, kama ya mtu anayeishiwa nguvu.

Kwa wiki tatu Machogu alihangaika na mkono huo wa goti tu. Anakaza skrubu, anasukuma, anatega sikio, anatikisa kichwa.

"Bado haijafika," anajisemea, na kuanza upya. Wimbo mzima hakuupiga hata siku moja.

Yote hayo kwa ajili ya Chifu Onsongo. Alikuja mwenyewe kibandani, fimbo kwapani.

"Fundi, Malkia mpya anavishwa taji. Bwana DC atakuja barazani. Nataka umpigie wimbo wa kwetu, wa shukrani."

Machogu alifuta grisi vidoleni. "Nitapiga, Chifu."

Hata kukohoa hakukohoa. Na mkewe amesimama pale pale, mwanamke ambaye mwaka uliopita Onsongo huyo huyo alimfungia siku mbili, mtoto mchanga mgongoni, kwa sababu alikataa kuchimba matuta ya serikali ya kuzuia mmomonyoko.

"Umekubali?" Kemuma aliuliza chifu alipoondoka.

"Nimekubali."

"Wimbo gani?"

"Utausikia."

"Mimi sikanyagi huko."

"Uje, Mama Mokeira. Uje na mama yako, mkae mbele."

"Ili aibu yangu niione vizuri?"

Machogu aliokota bisibisi. Alirudi kwenye skrubu yake.

Lakini siku hiyo Kemuma alikuja barazani. Alitaka kuiona sura ya Onsongo gitaa litakapokwama. Akaketi nyasini mstari wa kwanza na mama yake, Nyamoita, nyuma yao uwanja umejaa mpaka kwenye ua. Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa kwenye kiti cha mikono, chini ya turubai. Chifu alisema maneno mengi, kisha akamwashiria fundi.

Machogu akaweka chuma juu ya nyuzi.

Zilipita sauti tatu. Kemuma akahisi vidole vya mama yake vikimbana mkono hadi mfupani.

Huo haukuwa wimbo wa shukrani. Ulikuwa wimbo wa wanawake, wa kuwalilia wanaume waliochukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo katika vita vya kwanza, vya Mjerumani, wasirudi. Baba yake Kemuma alikuwa mmoja wao. Onsongo alikuwa ameupiga marufuku. Aliyeuimba, hata msibani, alinyang'anywa mbuzi. Miaka kumi ilikuwa imepita bila mtu kuusikia.

Machogu akasukuma mkono kwa goti. Sauti haikushuka. Akasukuma tena kwa nguvu zaidi. Uzi ulibaki juu, ukilia kama bawaba yenye kutu. Chini ya turubai, Onsongo alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono hewani kuwaita askari wake.

Machogu aliinama, akaiona skrubu iliyolegezwa. Alipoinua uso alimtazama mkewe moja kwa moja. Hapakuwa na hasira machoni pake, na hilo ndilo Kemuma aliloshindwa kulistahimili.

Akasimama. Akaidaka sauti pale uzi ulipoikwamisha, akaishusha kwa koo lake mwenyewe, polepole, mpaka chini kabisa:

"Mliwapeleka wapi? Turudishieni hata mifupa."

Nyamoita akasimama. Wakasimama wanawake wa mstari wa pili, na wa tatu, kisha wanaume, kofia mikononi. Machogu akapiga kwa nguvu zote, na kila goti liliposhindwa, uwanja mzima ukaishusha sauti kwa niaba yake. Askari walitazamana, hawakujua waanze na nani.

Bwana DC alimgeukia chifu. "Wanaimba nini?"

Onsongo aliutazama umati. Aliitazama karatasi ya ratiba, ambayo aliiandika mwenyewe: wimbo wa shukrani. Jasho likamtiririka nyuma ya masikio.

"Wanamshukuru Malkia, bwana."

Bwana DC akavua kofia, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Basi mbona wewe huimbi?"

Chifu Onsongo akafungua kinywa, akaimba. Na maneno yote aliyajua.