Viza ya Kungojea

Karani wa ndege aliirudisha karatasi juu ya kaunta kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayerudisha sahani ambayo haikuguswa.

"Dada, hii ni lese-pase, apana paspoti. Nairobi utabadilisha ndege. Wenye paspoti banapita tu, weye unaombwa viza ya transiti."

"Lakini miye sitatoka inje," alisema Zubeda. "Nitakaa tu palepale, ningojee ndege ingine."

"Hata kukaa kunaomba viza."

Paspoti yake iliungua pamoja na nyumba, vita vilipopita mtaani kwao, ndiyo maana alikuwa akimfuata mumewe Oslo kwa lese-pase, karatasi ya muda ya kusafiria. Asubuhi ile mama yake alimpitisha chini ya msahafu na kumwonya: usigeuke nyuma mpaka ndege iruke. Sasa ukoo mzima ulikuwa juu barazani, ukitazama abiria wakivuka uwanja. Kwa mbali, machoni pao, kila ushungi mweupe uliopanda ngazi ya ndege ulikuwa wake.

Zubeda hakugeuka. Alikaa juu ya sanduku lake. Kwenye kidole gumba, chini ya hina, bado palikuwa na wino wa kupigia dole kwenye lese-pase, buluu kama ziwa linapotazamwa kutoka mlimani. Aliutazama mpaka akaona mawimbi.

Sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake vipya. Ndege ikaruka bila yeye, juu ya mashamba ya mpunga ya Buterere.

Barazani vikapasuka vigelegele, sauti ya mama yake ikizipita zote: "Uende muzuri, mwanangu!"

Zubeda akageuka, akainua mkono wenye hina, akapunga kuelekea barazani.