Kauli ya Mwanakheri

Siku hizi kila mtu mnene huvaa bangili inayopima homoni za mazoezi katika damu. Ikiwa nyekundu, yaani homoni hizo ni chache, sheria humhesabu kuwa hana akili timamu, na mwenzi wake humwamulia kila kitu.

Asubuhi ile Shomari, mumewe Mwanakheri, alitaka kumpeleka binti yao Tunu hospitali akapunguzwe tumbo, asije akanenepa kama mama yake. Mwanakheri alikataa.

"Bangili yako nyekundu," mumewe alimwambia. "Huna kauli."

Mwanakheri alikimbilia mlangoni, akakimbie nje mpaka bangili ibadilike iwe ya kijani. Shomari akamvuta nywele, akamwangusha, akamkanyaga kifundo cha mguu mpaka kikavunjika. Wakapigana sakafuni, wakaumana, wakapindua meza. Hatimaye Mwanakheri aliupata mchi wa kinu, akampiga nao kichwani, akarudia tena na tena mpaka mumewe akanyamaza kabisa.

Askari alipofika, kabla ya kuitazama maiti aliushika mkono wa Mwanakheri.

"Mama, bangili ni ya kijani," alisema kwa upole. "Ulikuwa na akili timamu."

"Ndiyo," Mwanakheri alijibu akihema. "Na Tunu hapasuliwi."

"Sawa, mama. Umeamua."

Kisha akamfunga pingu.