Dawa ya Kuuza

Mfupa wa nyonga ya kushoto ulikuwa umekufa. Daktari aliuonyesha kwa ncha ya kalamu kwenye picha. Kichwa cha mfupa huo, ambacho kilipaswa kuwa mviringo kama mpira, kilikuwa kimebonyea upande mmoja.

“Lakini linaloniuma ni goti,” mpiga pasi alisema.

“Nyonga ikiugua, goti ndilo hulia. Damu imeacha kufika hapa. Hii ya kushoto tutaitoa, tuweke ya chuma. Ya kulia imeanza, ila haijaporomoka. Tutaitoboa ili damu ipite, utembelee magongo, huenda ikasalimika.”

Akafungua droo, akamwonyesha vidonge vidogo vyeupe. “Umewahi kumeza hivi? Vinaondoa maumivu upesi, vinajaza mashavu, halafu vinaua mfupa.”

“Sijawahi.”

“Pombe?”

“Hata ladha yake siijui.”

“Nakuuliza kwa sababu nyonga haifi hivi hivi, mama.”

“Vidonge hatumezi kwetu,” mdogo wake alimjibia kutoka kwenye benchi la mlangoni, huku akijisugua kinena.

Njiani mpiga pasi alikuwa na hasira na mtu mmoja tu: mumewe. Mji mzima ulimwita Bingwa. Aliuza unga wa mizizi, wa rangi ya udongo, na watu waliofika kwake wakiwa wameshikwa mikono walirudi wiki iliyofuata wakitembea wenyewe. Mkewe hakupewa hata wa kulamba.

Goti lilipoanza, baada ya siku za kusimama kwenye meza ya pasi, alimwomba.

“Dawa ya kuuza hailiwi nyumbani,” Bingwa alisema. “Jikande na maji ya moto.”

“Wa nje wapone, mimi nikandwe?”

“Ukiimaliza wewe, tutakula nini?”

Basi akajihudumia. Kila alfajiri Bingwa alipoingia bafuni, yeye alichota kijiko kwenye kopo. Goti likanyamaza upesi kama mtoto aliyepewa ziwa. Akaendelea, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Mdogo wake alipolalamika mgongo, akawa anamfungia wake kwenye karatasi.

Bingwa aliona mashavu tu. “Mmenona nyote wawili,” alisema siku moja. “Mnakula wapi kwa siri?” Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Halafu kopo likawa linapungua kuliko mauzo, Bingwa akatia kufuli mlango wa stoo, na goti likarudi na hasira zake zote.

Leo hakuwa na haja ya kuiba. Nyonga ya kulia bado ingeweza kuokoka. Angedai haki yake kama mke, kijiko kimoja kila siku, na asiyetaka kutoa angekiona cha moto.

Kufuli lilikuwa wazi. Bingwa alikuwa ameinama juu ya kinu, amempa mgongo. Unga wa mizizi ulikuwa ndani. Miguuni pake kulikuwa na pakiti tupu, zimetapakaa kama maganda ya karanga, na kutoka kiganjani alikuwa akimimina vidonge vidogo vyeupe.

Aligeuka. Hakushtuka.

“Wamesemaje hospitali?”

“Nyonga imekufa.”

Bingwa akaweka mchi chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Alimtazama kwa huruma ya kweli.

“Pole, mke wangu. Sijui ugonjwa huu umeupata wapi.” Akaangalia kinu. “Ulidhani nakunyima kwa uchoyo. Sasa umeona mwenyewe. Hii ni ya watu wa nje. Ningekupaje wewe?”

Uani mdogo wake alikuwa akija taratibu, mkono mmoja ukutani.

“Dada, usinisahau na mimi. Huu mguu leo umenivuta njia nzima.”

Mpiga pasi akahesabu nyonga. Mbili zake. Mbili za mdogo wake.