Kipande cha Tofali

Nilipotia mkono mkobani kutafuta tasbihi, niligusa kitu kizito kilichoviringishwa katika mtandio wangu wa kuswalia. Nikaufungua kidogo. Kipande cha tofali la yale magofu ya kale ya kando ya mto tuliyokuja kuyatembelea, chenye alama ya mguu wa kuku aliyelikanyaga enzi hizo, likiwa bado bichi.

Nikamtazama mwanangu. Kutwa alikuwa amenichosha: mama simama hapa, mama cheka, mama sogea mtoni kidogo, picha.

"Umeniwekea wewe?"

"Polepole, mama! Nani atampekua bibi mwenye ushungi?"

"Ndani ya mtandio wangu wa kuswalia?"

"Si ndiyo salama zaidi," akacheka.

Mtoto huyu atanitoa roho.

Getini, chini ya kibao kinachokataza kuchukua hata kokoto, mlinzi alikuwa anapekua mifuko yote, hata ya watoto. Mwanangu akapekuliwa, akapita huku anapiga mluzi. Mlinzi aliponiona mimi, akainuka kitini.

"Shikamoo, mama. Wewe pita tu."

"Marahaba, baba."

Mluzi ukakatika. Nilikuwa nimeshaweka mkoba mezani, nafungua zipu.