Ghorofa ya Tisa

Sheria ilimtaka kila mtaalamu wa udongo aishi juu ya msingi uliojengwa kwa kanuni yake mwenyewe, na kila alipofikisha wataalamu mia wapya waliomnukuu, nyumba yake iliongezwa ghorofa. Dakta Mbithe alikuwa na nane, na leo mafundi walikuwa wakimwaga zege la tisa.

"Mama Ndanu, mlango wa jikoni umegoma kufunga," mumewe alisema.

"Upige randa, msingi hauna kosa. Wataalamu mia tisa wamenitegemea, watakosea wote?"

Nje, masika yalikuwa yametimiza siku ya tatu. Mbithe akakumbuka kwamba udongo mweusi wa chini ya nyumba, aliotungia kanuni yake, unaofura ukinywa maji, aliupima kiangazi, umekauka kau. Wote mia tisa walimnukuu. Hakuna hata mmoja aliyechimba.