Ugomvi wa Kadi Mlangoni pa Babu Meli

"Kadi ikimezwa na mashine ugenini, utakula risiti?" aliuliza Dereva wa teksi, mguu mmoja ngazi ya juu, mwingine ngazi ya chini.

"Na noti zangu zikichomolewa na vibaka, utanifuata huko na hicho kiteksi chako?" alijibu Mama Cherehani, fundi wa nguo wa ghorofa ya tatu.

Walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa Babu Meli kabisa, kana kwamba jengo zima halikuwa na ukuta mwingine wa kuegemea.

Ndani, Babu Meli alikuwa na kikombe chake cha chai, ambacho ndicho kifungua kinywa, ndicho chakula cha mchana, na Mungu akipenda, ndicho cha usiku. Miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa meli za mizigo, akilisha mabaharia ishirini na wawili mara tatu kwa siku. Tangu mkewe afariki, mwezi wa nne sasa, sufuria zake zilikuwa zimelala kifudifudi. Binti yake hakuzunguka maneno: mwisho wa mwezi anakuja, na akimkuta bado ni ngozi na mifupa, wanaondoka wote. Kwa binti kulikuwa na chumba kizuri chenye ratiba ukutani, saa ya kula, saa ya kulala. Babu Meli alipapenda hapa hapa kwake. Lakini hamu ya chakula haiji kwa kutishwa.

Basi alijaribu kuuzibia masikio ugomvi ule, asiweze. Mama Cherehani alikuwa anasafiri nje kumwona mdogo wake aliyejifungua, akiba yake ya miaka sita yote anaibeba. Yeye alitaka kuibeba kwenye kadi. Dereva akashikilia kwamba pesa ni ile unayoikunja, na kwamba noti atazibadilisha pale pale uwanja wa ndege, maana hapo ndipo penye bei nzuri duniani.

Hapo uvumilivu ukamwisha. Bei nzuri, uwanja wa ndege? Babu Meli akafungua mlango.

Aliwaambia wote wawili ni wajinga, kila mmoja kwa upande wake. Yeye aliwahi kushuka bandari ya ugenini na kadi peke yake. Benki, kwa kuwa hakuiaga kabla ya safari, ikadhani kadi imeibwa na kuifunga. Siku tatu akala mkate wa mlinzi wa geti. Baharia mwenzake, bingwa wa noti, alificha mshahara mzima ndani ya soksi, na soksi ikaenda kwa dobi. Mtu hubeba vyote viwili, tena sehemu mbalimbali.

Sasa, mpishi wa meli hajui kusema na watu mikono mitupu. Kabla hajajijua, sufuria ilikuwa imegeuzwa, viazi vinamenywa, vitunguu vinalia kwenye mafuta. Wakala wote watatu. Naye alikula, maana mwenyeji asipogusa sahani, wageni huanza kukitilia shaka chungu.

Alidhani yamekwisha. Kesho yake saa sita mchana, wako mlangoni tena: noti zishonwe kwenye pindo la gauni au zikanyagwe ndani ya kiatu? Siku iliyofuata, mashine ya ugenini ikiuliza unataka kukatwa kwa pesa ya kwenu au ya kwao, ujibuje? Babu Meli alijibu kutoka jikoni, mwiko mkononi, kwamba siku zote ni ya kwao, hiyo nyingine ni wizi uliovaa tai.

Wiki ya pili alikuwa anakwenda sokoni kila asubuhi, kwa hasira, kwa sababu wale wawili walikuwa wakila kama waliotoka kifungoni na kichwani hakiingii kitu. Alichofundisha Jumatatu, Jumanne kimeshamwagika. Alimlalamikia binti yake kwenye simu kwamba hata mabaharia wapya hawakuwa wazito kiasi hicho. Binti akasema pole, baba, wavumilie tu, ni majirani.

Na safari yenyewe haikufika. Mara tiketi zimepanda, mara mtoto wa mdogo wake ana mafua. Babu Meli alianza kupata wasiwasi kwamba mama wa watu angeondoka siku moja ghafla, hajaelewa lolote, akaumbuke huko na jasho lake la miaka sita.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa sita ikapita kimya. Saa sita na nusu, kimya. Alikoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa. Mwishowe akanyata hadi mlangoni, akategesha sikio, jambo ambalo asingelikiri hata kwa viapo.

"Leo mimi niwe kadi," Dereva alikuwa akinong'ona. "Mwezi mzima nimekuwa noti, maneno yameniisha."

"Haya, kuwa kadi. Ila akitaka kuiona pasipoti nitasema nini? Maisha yangu sijawahi kuishika."

"Sema ipo ofisini. Binti yake kaniambia, hata sauti ya mzee kwenye simu imenenepa. Tusiharibu sasa hivi. Anza wewe, anza na vibaka."

Mkono wa Babu Meli ulikuwa kwenye kitasa. Akauacha hapo kidogo, kisha akafungua.

"Leo mmechelewa kugombana," alisema. "Ingieni, chakula kinapoa."