Chupa ya Mapafu ya Tunu

Ndani ya kabati lenye giza, chupa ilikuwa ikitoa mapovu. Siku hizi kila nyumba hufuga bakteria wa dawa yake, na Mwanahija alifuga wa mapafu ya bintiye, Tunu. Alipofungua kifuniko, ute ulinuka kama maji yaliyooshewa samaki waliooza.

"Ni sumu iliyoondolewa ukali tu, mwanangu," alibembeleza, akikumbuka darasa la jioni la wafuga dawa. "Vipande vyake saba vinajipanga duara juu ya seli, vinatoboa tundu, dawa inapenya, unapumua."

"Unywe wewe kwanza."

Mwanahija akaonja, kwa mara ya kwanza. Ule ute ulimganda kooni kama kohozi la mtu mwingine. Tunu, aliyekuwa akilia kila siku akinyweshwa, akameza bila chozi, akalamba kijiko mbele na nyuma.

"Mama, naomba kingine."